Digrii ya ubunifu wa mavazi au cherehani? Jibu la aliyeisoma

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako wa kike aliyemaliza kidato cha sita aombe digrii ya ubunifu wa mavazi, au amsikilize mzee wenu anayesema hela ya ada inunue cherehani na binti akakae kwa fundi. Mimi nimeisoma hiyo digrii, nikafanya kazi kiwandani, na sasa nina karakana yangu hapa Dar. Nitajibu kwa urefu, maana wachangiaji wengi waliotangulia wanadhani tunaenda chuo kuchora.

Kuchora ni kipande kidogo sana. Watu wanaingia mwaka wa kwanza na madaftari yamejaa magauni ya kupendeza, wanamitindo wana miguu mirefu kama ya korongo. Mwalimu anachukua mchoro mmoja anauliza: zipu iko wapi? Huyu dada anaingiaje humu ndani? Mshono wa ubavuni unapita wapi? Kama huna jibu, mchoro wako ni picha tu, nguo bado.

Kazi yenyewe iko kwenye pateni, ile karatasi ya kukatia. Fundi mzuri wa mtaani anakupima, anachora kwa chaki moja kwa moja kwenye kitambaa, anakata, na gauni linakukaa. Huo ni ujuzi mkubwa, na nimeona wahadhiri ambao kwa kasi hawamfikii hata kidogo. Ila gauni lile ni la mwili wako peke yako. Mwambie ashone mia mbili za namna hiyo, saizi sita tofauti, bila kumwona mvaaji hata mmoja, na zote zikae. Hapo ndipo utaona chuo kinafundisha nini. Unatengeneza pateni mama ya mwili wa juu, ya sketi, ya mkono, ya suruali. Unajifunza kuihamisha ile mikunjo ya kubana kifuani uipeleke begani au ubavuni bila nguo kuharibika umbo. Halafu unaipandisha na kuishusha saizi. Wengi hufikiri saizi kubwa ni kuongeza inchi sawasawa kila upande. Jaribu uone: shingo inapwaya, mabega yanaanguka kwenye mikono, maana mtu akinenepa tumbo linaongezeka zaidi sana kuliko mfupa wa bega.

Na kila pateni inashonwa kwanza kwa marekani, ile pamba rahisi isiyotiwa rangi, inavalishwa sanamu, inachorwa kwa kalamu palipokosewa, inafumuliwa, karatasi inarekebishwa, inashonwa tena. Waliokuja kwa ajili ya jukwaa na kamera huchokea hapa, na wengine huacha kozi kabisa. Mwambie hilo mapema.

Kingine ambacho sikukitegemea ni somo la vitambaa, na kusema kweli ndilo linaloniingizia hela mpaka leo. Kariakoo muuzaji anakuapia kwamba jora ni pamba tupu. Chomoa uzi, uchome. Pamba inaungua kama karatasi, inanukia kama karatasi, inaacha majivu laini. Poliesta inayeyuka, inajikunja, inaacha kishanga kigumu. Mchanganyiko unakuonyesha tabia zote mbili. Kisha kuna habari ya mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa) na mshindio (nyuzi za upana): kitambaa cha kufumwa hakivutiki sana kufuata mtande, kinavutika zaidi kidogo kwenye mshindio, na kinavutika sana ukikivuta kwa mshazari. Umewahi kuvaa suruali ambayo baada ya kufuliwa mshono wa pembeni unazunguka mpaka mbele ya goti? Mara nyingi ilikatwa nje ya mstari wa mtande, kwa sababu mkataji alikuwa anabana kitambaa.

Kitenge nacho kina mambo yake. Upana wake ni kama inchi 45, maua ni makubwa, na mara nyingi yana uelekeo mmoja. Ukikigeuza kipande ili kitambaa kitoshe, kama kimechorwa ndege, wa kifuani wanaruka juu na wa mgongoni wanaanguka kichwa chini. Ukitaka maua yakutane kwenye mshono wa katikati unahitaji kitambaa zaidi, na hicho lazima kiwe kwenye bei. Khanga ni ngumu kuliko hapo: ina pindo pande zote nne, ina jina, huwezi kuikata popote unapotaka. Ninaowaheshimu mimi ni wanaoianza nguo kwenye khanga yenyewe, pindo na jina vikapangiwa mahali kabla mkasi haujagusa kitu.

Somo la gharama ndilo watu wanalitorokea. Uzi, zipu, bitana, umeme, kodi ya fremu, saa za fundi, na vile vipande vinavyobaki chini ya meza: vyote unavihesabu. Mtaani tumezoea kuuza kwa bei ya kitambaa jumlisha "hela ya mkono", halafu tunashangaa mwaka unaisha hatuna kitu.

Kuna mdau kasema kipaji hakihitaji shule, akamtaja mbunifu wetu wa mavazi Mustafa Hassanali. Ni kweli alisomea udaktari wa binadamu, na ndiye aliyeanzisha maonyesho ya mitindo ya Swahili Fashion Week mwaka 2008. Lakini mwangalie na Alexander McQueen, yule mbunifu maarufu wa Uingereza. Aliacha shule akiwa na miaka 16, akajifunza ufundi kwenye maduka ya suti ya Savile Row, London. Alipofika Central Saint Martins, chuo cha sanaa na ubunifu cha huko huko London, alikuwa anatafuta kazi ya kufundisha kukata pateni, akaambiwa bora aingie kama mwanafunzi, akamaliza uzamili mwaka 1992. Mkono ulitangulia, chuo kikafuata. Kwa hiyo mzee wenu hajakosea kuhusu fundi. Amekosea kudhani ukifika kwa fundi umemaliza.

Ubaya wa chuo nao usemwe. Nilikosoma mimi, na sitapataja, cherehani za viwandani hazikututosha, na wiki za kukusanya kazi tulikuwa tunapanga foleni mpaka usiku. Vitambaa unanunua mwenyewe. Kompyuta yenye nguvu ya kuendesha Illustrator au CLO, programu za kuchora na kujaribisha nguo, si ya bei ndogo. Mwaka wa mwisho kuna mkusanyiko wa mavazi wa kuhitimu, na hapo ndipo watu wanakopa ili walipe wanamitindo, mapambo na mpiga picha. Asikope. Mwajiri wangu wa kwanza hakuangalia picha ya jukwaani hata moja. Alichukua koti langu, akaligeuza ndani nje, akaangalia bitana na ukingo wa mishono.

Ajira sasa. Atakayetafuta tangazo linalosema "mbunifu anahitajika" atasubiri sana. Viwanda vya kuuza nje, kama vile vya jinzi vilivyopo Mabibo hapa Dar na Athi River kule Kenya, hupokea mtindo kutoka kwa mnunuzi ukiwa umeshaamuliwa. Wanataka mtu anayesoma vipimo vya kila mshono, anayepanga vipande ili kitambaa kisipotee sana, anayekagua ubora kabla kontena halijafungwa. Mtu wa pateni anagombaniwa. Nje ya viwanda kuna sare za shule, hospitali na hoteli, kazi isiyopigwa picha na mtu lakini inayolipa mishahara ya watu. Ukitaka chapa yako mwenyewe, usishindane na mitumba kwenye fulana na blauzi, utaumia. Nenda kwenye vitu ambavyo belo la mitumba haliwezi kutoa: sendofu, harusi, sare za ukoo, na miili ambayo saizi za dukani zimeisahau.

Kuhusu wapi pa kuomba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) wana digrii ya ubunifu na teknolojia ya nguo na vitambaa. Iko kwenye ndaki ya uhandisi, kwa hiyo ajiandae na sayansi. Soma sifa kwenye mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka huu, usitegemee wa mwaka juzi. Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Nairobi wana digrii inayounganisha ubunifu wa mavazi na masoko, ila piga hesabu ya ada ya mgeni na kodi ya chumba kabla ya kufurahi. VETA, vyuo vya ufundi stadi, nao wanafundisha ushonaji, kwa gharama ndogo zaidi.

Ningekuwa mimi, kama haendi JKT, miezi hii ya kusubiri matokeo na udahili ningempeleka kwa fundi anayeshona suti za kiume, maana kola na mfuko wa koti havina huruma. Afagie, apige pasi, afumue, ashone ovaloki, akate bitana. Mzee atafurahi, na binti akifika chuo atakuwa mbele ya nusu ya darasa. Akirudi baada ya wiki mbili anasema hawezi kukaa kwenye kiti kile, ada yenu itakuwa imeokoka.

Weka hapa tahasusi aliyosoma, yaani yale masomo yake ya kidato cha tano na sita. Kuna watu humu wametoka kwenye ndaki ile hivi karibuni, watakwambia kama anaingia.