Grafu ya masafa kuwa ngazi kwenye besi na nyasi kwenye trebo

Mkuu, umesema grafu ya masafa kwenye plagini yako (programu ndogo inayokaa ndani ya programu ya muziki) upande wa besi inapanda kama ngazi, trebo imesimama kama nyasi, umepandisha FFT (hesabu inayotenganisha sauti kwenye masafa yake) mpaka sampuli 16384 bado inakera, tena sasa inachelewa kuifuata ngoma. Kuchelewa ni lazima, kwa 48000 Hz hizo ni sampuli za theluthi ya sekunde. Hayo nimeyapitia na FFT yenyewe haina kosa, ishu ni unavyozipeleka namba kwenye skrini.

Rudi 4096, kila bini (kisanduku kimoja cha masafa kinachotoka kwenye FFT) inabeba kama 11.7 Hz. Grafu ya pikseli 800 kuanzia 20 Hz mpaka 20000 kwa mhimili wa logi (kila masafa yakijidublisha, yaani oktavu moja, yanapata nafasi ile ile) inakupa kama pikseli 80 kila oktavu. Sasa piga hesabu, kati ya 20 na 40 Hz una bini mbili tu za kujaza pikseli 80, halafu kati ya 10000 na 20000 bini zaidi ya 850 zinagombania pikseli 80 zile zile. Ukichora bini moja moja na kuziunga kwa mistari lazima uone ulichokiona, hamna uchawi hapo.

Mi niliacha kuzunguka kwenye bini nikawa nazunguka kwenye pikseli. Kila pikseli naiangalia inaanzia Hz ngapi inaishia ngapi, zikiangukia bini nyingi nachukua kubwa kuliko zote, na kama haijafikisha hata bini moja nakisia kwa mkunjo laini unaopita kwenye bini za jirani. Mwanzoni nilikuwa napiga wastani, siku moja nikapitisha mluzi wa 12000 Hz, masikio yanauma kabisa ila kwenye grafu umelala kama haupo! Kweli kuchukua kubwa kunanyanyua kelele za juu kidogo, mi naona heri hiyo.

Dirisha la Hann (mkunjo unaofifisha mwanzo na mwisho wa sampuli kabla ya FFT) usilisahau, na ukishalitumia zidisha matokeo kwa 2, la sivyo wimbi la 0 dB litasoma -6 na watu watasema plagini yako inadanganya.

Kwenye mwendo, mstari upande haraka ushuke taratibu, ila kushuka kupime kwa muda uliopita, usihesabu fremu. Mi nilihesabu fremu, kwenye monita ya 60 Hz ilikuwa safi, jamaa akafungua kwenye 144 Hz mstari ukawa unadondoka kama jiwe. Na ukiinamisha grafu, upande wa trebo unyanyuke kama 4.5 dB kwa oktavu, miksi iliyokaa vizuri itaonekana karibu kunyooka, bila hivyo trebo inaonekana imekufa, ila weka kitufe cha kuzima maana wengine hawataki kabisa.

Hukuuliza ila kwenye kodi uliyobandika nimeona FFT unaipiga ndani ya kolbaki ya sauti (kodi inayoitwa kila sampuli mpya zikihitajika) tena na kufuli juu (inayofanya kazi moja isubiri nyingine). Aisee itoe hiyo. Mi ya kwangu ilikuwa poa ikiwa peke yake, nilipofungua 20 kwenye projekti moja sauti ikaanza kukwaruza, nikahangaika wiki nzima na kadi ya sauti bure. Thredi ya sauti (mkondo wa kazi unaoendesha hiyo kolbaki) imwage sampuli tu kwenye foleni isiyo na kufuli, isiombe memori wala kusubiri mtu, taima ya upande wa skrini ndo izichote mara 30 au 60 kwa sekunde na kupiga FFT huko. Dirisha la plagini kwenye skrini likifungwa taima nayo izimwe. Yangu ilikuwa inaendelea kuchora hata dirisha likiwa limefungwa.