Masomo ya binafsi ya dansi: kabla hujalipa, ujue unataka kuangaliwa nini

Mtu akiniuliza kama achukue masomo ya binafsi ya dansi za wawili, kama salsa, bachata, kizomba au tango, nami humuuliza: unataka mwalimu akuangalie nini? Akiwa na jibu, hata la kubabaisha, kama vile "nikizungushwa mara mbili napepesuka" au "naambiwa mkono wangu mzito", namwambia aende. Akisema anataka tu kujua mitindo mingi zaidi, yaani mizunguko na mipangilio ya hatua, namshauri abaki kwanza kwenye darasa la pamoja. Mitindo ndiyo kitu ambacho darasa hutoa kwa wingi, na kwa gharama ndogo.

Darasani mwalimu husimama mbele, anahesabu, anaonyesha, watu wanabadilishana wenzi. Anachokiona ni miguu na mikono. Lakini dansi ya wawili haiishii miguuni. Anayeongoza anahamisha uzito wake, mwendo huo unapita kifuani na mikononi, na mwenzake anaupokea kabla hata hajaufikiria. Hilo halionekani kutoka upande wa pili wa ukumbi. Mpaka ushikane na mtu. Kwenye somo la binafsi ndicho unacholipia: mikono ya mwalimu inayosikia kile ambacho macho hayaoni.

Chukua salsa. Tunahesabu hadi nane: tunakanyaga moja, mbili, tatu, tunatulia nne, kisha tano, sita, saba, tunatulia nane. Wengi hufika kwenye tatu mguu ukiwa mahali pake, ila nusu ya uzito imebaki kwenye mguu mwingine. Kwa kutazama tu, kila kitu kiko sawa. Ikifika tano, mguu unaotakiwa kuondoka bado umebeba mwili, kwa hiyo unachelewa, na ukishachelewa unamvuta mwenzako kwa mkono ili awahi kumaliza mzunguko. Mwalimu wangu aliweka wimbo wa taratibu, tukashikana mikono miwili, akaniambia nigande kila nikifika tatu na kuinua mguu mwingine. Haukuinuka bila mwili kuyumba. Sehemu kubwa ya somo iliishia hapohapo, bila mtindo hata mmoja mpya, na baada ya hapo watu niliocheza nao wakawa wanageuka bila mimi kusukuma chochote. Kwenye bachata tatizo hilohilo huja kwa sura nyingine: kwenye nne mguu unatakiwa uguse sakafu tu bila kubeba uzito, maana mguu huohuo ndio unaoanza hatua inayofuata.

Wanaofuata wasidhani haya hayawahusu. Inaniuma kuona darasa zima likielezwa kwa upande wa anayeongoza, na anayefuata akaambiwa "wewe fuata tu". Matokeo yake anakariri mtindo wa siku hiyo, anageuka kabla hajaongozwa, na darasani inaonekana anajua. Mwalimu akikaa naye peke yake, akamwongoza kitu ambacho hakukitarajia, au akasita makusudi katikati, ndipo inapojulikana anasikiliza au anabahatisha. Nadhani wanaofuata hunufaika na somo la binafsi kuliko wanaoongoza, na bado, kwa ninavyoona mimi, wao ndio wanaolichukua kwa nadra.

Kuna hatari moja ambayo watu hawaambiwi. Mwalimu mzuri hukufichia upungufu wako hata bila kukusudia. Ukimwongoza kwa ishara hafifu, mwili wake unajua unachotaka kusema, anamalizia mwenyewe. Ukicheza naye peke yake miezi na miezi utaamini umeiva, halafu siku ukimshika mtu aliyeanza juzi, mambo yote yanakwama. Kule kubadilishana wenzi ambako wengine hukuona ni usumbufu ndiko kunakokufundisha kucheza na mrefu na mfupi, mwenye mkono mlegevu na mwenye kukaza bega. Kwa hiyo sishauri mtu aache darasa kabisa kwa sababu ana mwalimu wake. Anayeona aibu mbele za watu achukue somo moja au mawili ya kumtoa woga, kisha ajiunge na wenzake.

Tango, ile ya Argentina, naiweka kando kidogo. Haina hatua moja ya msingi ambayo kila mtu anaihesabu tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Watu wawili wanatembea ndani ya mkumbatio na kubuni papo hapo. Mwalimu akitumia saa nzima kukutembeza tu, usione umepunjwa. Kwa dansi hiyo ningeenda kwa mwalimu mapema.

Maharusi pia wasingoje darasa. Wana tarehe, wana wimbo mmoja, na wanacheza wao kwa wao. Waende na wimbo wenyewe tangu somo la kwanza, kwa sababu dansi ya waltz huhesabiwa tatu tatu na nyimbo nyingi zinazopendwa huhesabiwa nne nne, huwezi kulazimisha waltz kwenye wimbo wa nne nne. Waende pia na viatu watakavyovaa.

Kuhusu mwalimu mwenyewe: kucheza vizuri na kufundisha vizuri ni vitu viwili. Mimi humtafuta anayeweza kucheza pande zote mbili, kuongoza na kufuata. Akifuata, anakwambia mkono wako unasema nini. Akiongoza, mwili wako unaonja uongozi safi ulivyo, na hapo unapata kitu cha kuiga. Mkienda wawili ili kugawana gharama, omba acheze na kila mmoja wenu peke yake kwanza, la sivyo mtatumia saa nzima kutupiana lawama. Mwambie mapema kama una goti au bega linalouma. Kwa upande wake, naye akwambie anapokushika na kwa nini. Akikushika kwa namna isiyokustarehesha, una haki ya kumwambia aache, au kuondoka.

Usilipie mkupuo wa masomo mengi kabla ya kujaribu moja. Na usiyapange karibu karibu: ukirudi kwa mwalimu bila kucheza popote katikati, mtarudia yaleyale kwa pesa yako. Mimi hupenda kwenda kwenye dansi angalau mara moja kati ya somo na somo, nikiwa na jambo moja tu la kulifanyia kazi usiku ule.

Dakika za mwisho za somo muombe mwalimu arudie kwa mwili na kwa maneno yale mliyoyafanya, umrekodi kwa simu. Usiirushe video hiyo mtandaoni bila ruhusa yake.