Re: Emily Kame Kngwarreye alianzaje kuchora uzeeni?

Mkuu, umeuliza kama ni kweli Emily Kame Kngwarreye, bibi mchoraji wa jamii ya wenyeji wa asili wa Australia, alianza kuchora akikaribia miaka 80, na kama vile vidoti vilivyojaa kwenye michoro yake vina maana yoyote. Kuhusu umri, ni kweli kwa upande wa rangi na turubai tu, maana alishika turubai mwishoni mwa 1988. Kabla ya hapo, tangu 1977, alikuwa akitengeneza batiki na wanawake wenzake huko Utopia, katikati ya Australia. Ndiyo, batiki hii hii ya nta tunayoijua. Na kabla ya batiki, kwa miaka mingi, alichora miili ya wanawake kwa ajili ya awelye, sherehe za wanawake wa Anmatyerre, yaani watu wa kabila lake. Kwa hiyo mkono ulikuwa umeiva zamani.

Sasa hilo jina, Kame. Sisi tukilisikia tunawaza nchi kavu, na kwao jangwa lipo kweli. Lakini kwa lugha yake ni mbegu na ua la kiazi cha porini. Vidoti vingi ni hizo mbegu. Mistari nayo ni mizizi inayotambaa chini ya ardhi, au ile michoro ya kifuani ya awelye. Utazame mchoro wake wa Big Yam Dreaming wa 1995: mistari myeupe juu ya weusi, upana wa mita 8 hivi. Mimi naupenda kuliko ile ya rangi kali.

Alifariki 1996, akiwa ameacha kazi zinazokadiriwa kufika 3,000.