Mdogo wako wa kilo 43 asiache dawa za kifua

Dada, umeuliza kama mdogo wako mwenye kilo 43 asimamishe dawa za TB mpaka apate mwili kwanza. Asiache hata siku moja. Nami majirani pale Kisauni waliniambia dawa kali humla mtu mwembamba. Kinachomla ni ugonjwa.

Nilianza na kilo 51, na mimi ni mrefu. Nilikuwa nasukuma mkokoteni Kongowea, kutwa chai ya mkandaa na mahamri mawili. Nikapewa vidonge vitatu kwa siku, maana idadi hufuata uzito: kilo 40 hadi 54 ni vitatu, 55 ni vinne. Ndiyo sababu ya kupandishwa mizani kila ukienda. Mie nilidhani wanachunguza kama nakula.

Mwili wenye njaa huenda usiipokee dawa sawasawa, na ini lake huumia upesi. Macho yakiwa manjano, mkimbizeni kliniki. Mkojo wa rangi ya chungwa usiwatishe, hiyo ni rifampisini, mojawapo ya dawa za TB zilizomo kwenye vidonge.

Sasa kosa langu. Pembeni kulikuwa na kidonge kidogo cha piridoksini, yaani vitamini B6. Nikakiona cha mapambo, nikawa nakitia mfukoni. Mwezi wa pili nyayo zikawaka kama nimekanyaga mchanga wa pwani saa saba mchana. Usiku nalaza miguu kwenye saruji. Mamangu akaanza kutaja mganga. Kumbe isoniazidi, dawa nyingine ya TB, hupunguza B6, na asiyekula vizuri anayo kidogo tangu mwanzo. Nesi akaniuliza kidonge kiko wapi. Nikavitoa mfukoni, vimeshikana na maganda ya karanga.

Wiki ya tatu njaa ilikuwa imefunguka, njaa ya kuamka usiku. Nyama hatukuwa nayo: mbaazi za nazi, kunde, yai likipatikana. Dawa nilimeza alfajiri, chakula saa moja baadaye, maana rifampisini hufyonzwa vyema tumbo likiwa tupu. Dawa ikimtapisha mdogo wako, bora ale kidogo kuliko kutomeza. Na jodari aliyelala asimguse: akikutana na isoniazidi, uso hupata joto na moyo hudunda.

Mwisho wa mwezi wa pili nilifika 55, nikaongezwa cha nne. Huyo mdogo wako anameza vingapi? Kama ni mtu mzima na si vitatu, kesho nendeni mkaulize, na mchukue vidonge vyote mkononi.