Damu kwenye mkojo: majibu kwa wasomaji wa Tanga

Baba alitolewa saratani ya kibofu miaka minne iliyopita. Sasa imeonekana kwenye mrija wa figo ya kushoto, na figo na mrija vitatolewa. Ile ya kwanza itampunguzia maisha? (Binti, Chumbageni)

Inaweza, mwanangu, kutegemea ilikuwaje. Utando wa ndani ya kibofu ndio huo huo unaopanda kwenye mrija hadi ndani ya figo. Kilichouharibu huku, mara nyingi sigara, kimegusa na kule. Waliowahi kuugua kibofu hurudiwa zaidi kibofuni baada ya operesheni hii. Kama ile ya kwanza ilizama kwenye msuli, au kibofu kiliondolewa kabisa, matumaini hupungua. Kama ilikuwa ya juu juu, tofauti si kubwa hivyo. Kinachoamua zaidi ni uvimbe wa sasa: umezama kiasi gani, na seli zake ni kali kiasi gani. Ulizeni hayo mawili. Ulizeni pia kama pale mrija unapoingia kibofuni patakatwa, maana saratani huweza kubaki hapo.

Na nendeni na majibu ya zamani ya kinyama, yaani kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara. Juzi mzee mmoja alimwaga mfuko mzima wa rambo mezani kwangu: risiti, kadi ya kliniki ya mkewe, picha za kifua. Karatasi ya kinyama haikuwamo, tukabaki kukisia.

Nilitolewa figo na mrija wake kwa saratani ya mrija, kidonda kimepona, sisikii maumivu. Kamera ya kibofu ya nini tena? (Muheza)

Rudi. Katika kila wagonjwa 100 wa operesheni kama yako, kati ya 22 na 47 huota uvimbe kibofuni baadaye. Kamera ya kwanza ni miezi 3 baada ya operesheni. Usingoje damu. Na diklofenaki, zile dawa za maumivu za dukani, ziache, umebaki na figo moja.

Nakojoa damu bila maumivu. Dawa ya kichocho nimemeza mara tatu. Nimeze tena? (Pangani)

Hapana, bwana! Swali hili linaletwa kila mwezi, na kila mwezi kuna aliyechelewa. Kichocho kipo pwani yetu, ndiyo, lakini tangu 1994 kimo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya visababishi vya saratani ya kibofu. Kuwa nacho hakukuondolei saratani, kunakusogeza kwake. Mkojo wa rangi ya juisi ya rozela kwa mtu mzima, akiwa mvutaji zaidi, haukisiwi. Nenda hospitali ya Bombo kesho, upimwe mkojo na ultrasaundi, na uulizie kamera.

Nimeshaugua. Kuacha sigara kutanisaidia nini? (Makorora)

Kutasaidia. Acha leo.

Nimeuziwa mizizi ya kusafisha figo baada ya operesheni. Ninywe? (Ngamiani)

Usinywe. Mimea ya jamii ya Aristolochia imethibitika kuharibu figo na kuleta saratani hiyo hiyo ya mrija uliyotolewa, na wewe hujui ndani ya chupa kuna mti gani. Muulize aliyekuuzia, hata yeye atakutajia jina la kienyeji tu. Mwaga.