Fundi Anajibu: Mlisho wa habari kwenye tovuti yako

*Shikamoo fundi. Naendesha tovuti ya chama cha wafuga nyuki. Kila wiki tunaweka makala mbili au tatu, lakini wasomaji wanalalamika kwamba hawajui lini kuna jipya. Mwenzangu ameniambia niweke RSS. Mwingine anasema hiyo ilishakufa siku nyingi. Nimshike yupi? Na nikiiweka, nianzie wapi? Hatutumii WordPress, kurasa tunaziandika wenyewe.*

Marahaba, mwanangu. Mshike wa kwanza. RSS, yaani mlisho, ni faili la kwenye tovuti linaloorodhesha makala zako mpya. Huyo wa pili nadhani anaikumbuka tarehe 1 Julai 2013, siku Google ilipofunga Google Reader, programu ambayo watu wengi waliitumia kusomea milisho. Siku ile ilifungwa programu moja, milisho yenyewe haikuguswa. Podikasti unazosikiliza kwenye simu, karibu zote, zinakufikia kwa RSS hadi leo.

Mimi naitetea RSS kwa moyo wote kwa sababu inamwachia msomaji uamuzi. Anachagua mwenyewe amfuate nani, anapata kila ulichochapisha, kwa tarehe zake, na hakuna kampuni inayokaa katikati kumpangia aone nini. Wewe nawe huhitaji namba yake ya simu wala barua pepe yake. Unaweka faili moja kwenye seva, programu yake inapita kulisoma kila baada ya muda, ikikuta jipya inamletea.

Utakutana na majina mawili, RSS 2.0 ya mwaka 2002 na Atom ya mwaka 2005. Programu za kusomea huelewa zote mbili. Chukua RSS 2.0, hasa kama siku moja mtataka kuweka na sauti, na usitangaze milisho miwili yenye habari zilezile, maana wako watakaojiunga na yote.

Faili lenyewe ni la XML, lugha ya alama inayofanana na HTML. Juu kuna channel, yaani maelezo ya tovuti: title, link na description, hizi tatu ni za lazima. Ongeza language na uandike sw. Chini yake inakuja item moja kwa kila makala, iliyo mpya ikitangulia. Kwa kasi yenu, makala 20 za mwisho zinatosha, ni kama miezi miwili ya kazi. Kila item ipe title, link, description, pubDate (tarehe ya kuchapishwa) na guid.

Hapo kwenye guid naomba utulie. Hicho ndicho kitambulisho cha makala. Programu ya msomaji haikariri kichwa cha habari, inakariri guid, na ikiona guid ngeni inahesabu kwamba makala ni mpya. Miaka kadhaa nyuma nilihamisha tovuti ya mteja kutoka http kwenda https. Guid zilikuwa zinatengenezwa kutokana na anwani ya ukurasa, kwa hiyo ile herufi s moja ilibadilisha zote usiku mmoja. Asubuhi kila aliyejiunga alikuta makala 40 "mpya" ambazo alikwisha kuzisoma. Bibi mmoja aliniandikia kwa upole kwamba alirudia kusoma tatu nzima kabla ya kugundua, na kwamba ameamua kujiondoa. Iliniuma, kwa kuwa alituamini na muda wake. Tangu hapo guid naiandika mara moja tu, siku makala inapozaliwa, naihifadhi pamoja nayo, na siigusi tena hata kichwa kikibadilika, hata anwani ikihama. Kama guid yako si anwani ya ukurasa, iandikie isPermaLink="false", la sivyo programu itaichukulia kuwa ni kiungo cha kubofya.

Tarehe nayo ina mtego wake kwetu tunaoandika Kiswahili. RSS inataka muundo huu: Mon, 03 Jun 2024 08:30:00 +0300. Vifupi vya siku na miezi ni vya Kiingereza hata kama tovuti nzima ni ya Kiswahili. Nimeona seva iliyowekewa lugha ya Kiswahili ikichapa "Jumatatu" ndani ya pubDate, na programu za wasomaji zikashindwa kuipanga makala hiyo mahali pake. Na saa ni ya kuanzia usiku wa manane: saa mbili na nusu asubuhi inaandikwa 08:30. Ukiandika 02:30, makala itaonekana imetoka alfajiri ya giza. Zile tarakimu za mwisho ni tofauti ya saa za mahali ulipo na saa za dunia, usizisahau.

XML haisamehe kama HTML inavyosamehe. Kichwa kimoja tu kilichoandikwa "Asali & Nta" kinaweza kuangusha mlisho mzima. Alama hiyo iandikwe & ndani ya faili. Mstari wa kwanza usitanguliwe na kitu chochote, hata nafasi tupu. Hifadhi faili kwa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi), na anwani za picha ziwe kamili tangu https, kwa sababu msomaji hayuko kwenye tovuti yako anapozifungua. Kwa makosa haya haya nakushauri faili lisiandikwe kwa mkono. Skripti fupi inayosoma orodha ya makala na kulijenga upya kila mnapochapisha itakuondolea usumbufu wote huo.

Utajiuliza uweke makala nzima au muhtasari. Weka nzima. Najua wengi wanaogopa kupoteza wageni wa tovuti, lakini aliyejiunga na mlisho wako tayari ni wako, usimpe mistari miwili kisha umkate.

Faili likiwa tayari, kila ukurasa uelezee lilipo. Kwenye head weka:

`<link rel="alternate" type="application/rss+xml" title="Habari za wafuga nyuki" href="/mlisho.xml">`

Hapo mtu akibandika anwani ya tovuti yenu kwenye programu yake, mlisho utapatikana wenyewe. Weka na kiungo kinachoonekana kwa macho, kisha lipitishe faili kwenye kikaguzi cha milisho cha W3C, shirika la viwango vya wavuti. Ni bure, na kinakutajia mstari wenye kosa.

*Fundi, nataka ukurasa wangu wa mwanzo uonyeshe vichwa vya habari kutoka tovuti nyingine tatu. Nimeandika JavaScript ya kuvuta milisho yao lakini kivinjari kinakataa.*

Kivinjari kinafanya kazi yake. Hakiruhusu skripti ya tovuti moja kusoma mafaili ya tovuti nyingine mpaka ile nyingine itoe idhini, na milisho mingi haina idhini hiyo. Kazi hiyo ipe seva yako: ivute milisho kila nusu saa, itunze nakala, na ukurasa usome nakala hiyo. Usivute upya kila mgeni anapoingia. Utawalemea wenzako, na siku seva yao ikizimika ukurasa wako utakwama ukiisubiri. Seva yako itunze pia ETag inayopewa, yaani alama ya toleo la faili, iirudishe safari ijayo. Kama hakuna kilichobadilika itajibiwa 304 tu, bila faili kusafiri.

Ondoa HTML yote kwenye ulichovuta kabla ya kukionyesha. Mtu akipenyeza skripti kwenye mlisho wao, itaendeshwa kwenye ukurasa wako, mbele ya wageni wako. Na onyesha kichwa, sentensi moja, jina la tovuti na kiungo, basi. Mlisho kuwa wazi hakukupi ruhusa ya kuchapisha makala nzima ya mtu. Hakimiliki inabaki kwake, na jasho pia ni lake.

*Nimeweka mahojiano ya sauti kwenye mlisho wetu. Kwenye length nimeandika 25 kwa kuwa ni dakika 25. Baadhi ya programu hazionyeshi kipindi. Kosa liko wapi?*

Length ya enclosure, ile tagi inayobeba faili la sauti, ni ukubwa wa faili kwa baiti, haihusiani na dakika. Tazama ukubwa wa faili kwenye seva, andika namba hiyo nzima bila koma. Kama ni MP3, type iwe audio/mpeg, na url ianze na https kamili. Ukirekebisha, guid ya kipindi iache ilivyo.