Servisi ya Pikipiki: Kwa Wakala au kwa Mkono Wako?

SWALI: Ndugu mjibu maswali, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Makete. Mwaka huu nimenunua pikipiki mpya ya cc 125 kwa wakala mjini Njombe, nikapewa kitabu cha servisi chenye kuponi na kuelezwa kwamba nisipoirudisha kwao kila wakati wake unapofika, dhamana itakufa. Kutoka hapa hadi Njombe ni zaidi ya kilomita 100 kwa kwenda tu. Jirani yangu, ambaye ameendesha pikipiki miaka mingi, ananiambia kwamba chombo kidogo kama hiki hakina siri, ninunue spana na niihudumie mwenyewe. Nimfuate nani? Mwalimu, Makete.

JIBU: Mwalimu, hongera kwa chombo kipya. Wakala na jirani yako wote wana hoja, ila kila mmoja anazungumzia kazi tofauti, kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usichague upande mmoja kwa kazi zote. Kwa kila kazi jiulize mambo mawili: inatakiwa kufanywa mara ngapi, na je, inahitaji kipimo ambacho huna? Kazi inayotakiwa kila wiki haiwezi kuisubiri Njombe, na kazi inayohitaji kipimo cha sehemu ndogo za milimita haifai kufanywa kwa kukisia, hata kama anayekisia ana uzoefu wa miaka mingi.

Nianze na dhamana. Muda wote kuponi zako zikiwa hai, mpelekee wakala zile servisi zilizoandikwa kitabuni, hasa ya kwanza, ambayo kwa pikipiki nyingi hufanyika kati ya kilomita 500 na 1,000. Katika kilomita hizo za mwanzo, ringi, silinda na gia hukwanguana ili zikae sawa, na chembe za chuma zinazotoka humo huingia kwenye mafuta ya injini. Mafuta hayo yakiachwa, chembe zitaendelea kuzunguka na kusaga sehemu zilizo laini. Mara nyingi ufundi wa servisi za kuponi haulipiwi, unalipia mafuta na vifaa tu. Kumbuka pia kwamba dhamana kwa kawaida inahusu kasoro za kiwandani. Cheni, breki, plagi, balbu na matairi, yaani vitu vinavyoisha kwa kutumika, havimo, na kwa hivyo huna sababu ya kuogopa kuvigusa. Muulize wakala, na umwombe akuandikie, kama ana fundi aliyemwidhinisha karibu zaidi na wewe, na kama atakubali mafuta uliyobadilisha mwenyewe kati ya servisi moja na nyingine, mradi umetunza risiti za EFD na kuandika kilomita na tarehe kitabuni.

Baada ya kuponi kwisha, umbali ndio unapaswa kuamua. Safari ya Njombe na kurudi ni zaidi ya kilomita 200. Kwa pikipiki inayokwenda kilomita 45 hadi 50 kwa lita, unachoma zaidi ya lita nne za petroli kabla hujalipa chochote, na kama unabadilisha mafuta ya injini kila kilomita 2,000, safari ya servisi peke yake imekula sehemu ya kumi ya umri wa mafuta hayo. Nauli hiyo ni bora inunue mafuta mazuri, umwage ya zamani na kujaza mapya ukiwa nyumbani.

Kubadilisha mafuta ni kazi ambayo mtu makini huijifunza kwa siku moja. Washa injini kwa dakika chache ili mafuta yapate moto na kubeba uchafu, simamisha pikipiki wima, fungua nati ya chini, acha yachuruzike hadi mwisho, safisha au badilisha chujio lake kama kitabu kinavyoelekeza, kisha jaza kiasi kilichoandikwa, ambacho kwa injini nyingi za ukubwa huu ni karibu lita moja. Kosa linaloharibu injini hapa ni nguvu ya mkono: nati ya chini ni ya chuma lakini mwili wa injini ni wa aluminiamu, na ukiikaza kwa hasira, meno ya ndani yanakatika. Mafuta machafu yaweke kwenye dumu uyapeleke gereji. Tafadhali usiyamwage kwenye vijito vya Makete, kwa kuwa watu wengi wanakunywa maji hayo huko chini.

Kazi nyingine mbili ni zako hata kama ungeishi mlango wa pili kutoka kwa wakala. Ya kwanza ni chujio la hewa. Kiangazi, vumbi la barabara zetu za udongo hulijaza katika wiki chache, na chujio lililotoboka au kukaa vibaya huruhusu mchanga kuingia moja kwa moja kwenye silinda. La sponji huoshwa kwa maji na sabuni, hukaushwa, hupakwa mafuta kidogo na kukamuliwa. La karatasi halioshwi kamwe, bali hupulizwa kutoka ndani kwenda nje na hatimaye hubadilishwa. Usioshe lolote kwa petroli.

Ya pili ni cheni. Ukiwa umesimamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, sukuma upande wa chini wa cheni katikati; kwa pikipiki nyingi za aina yako inatakiwa kucheza milimita 20 hadi 30. Zungusha gurudumu upime sehemu kadhaa, kwa sababu cheni haichakai sawasawa, na unapoivuta hakikisha alama za pande mbili za ekseli zinalingana, vinginevyo gurudumu litakaa upande. Watu wengi hupaka oili chafu iliyotoka kwenye injini kwa kuwa ni ya bure. Hilo siliungi mkono, kwa sababu oili hiyo ina chembe za chuma na hunasa vumbi likawa kama msasa kati ya cheni na sproketi, yaani magurudumu ya meno yanayoshika cheni. Tumia mafuta mazito ya gia yaliyo safi, kidogo, baada ya kusugua uchafu kwa brashi. Siku cheni ikiisha, badilisha seti nzima pamoja na sproketi zote mbili, maana meno yaliyochongoka huimaliza cheni mpya kwa muda mfupi.

Sasa nifike kwenye kazi ambayo naomba usiiguse mpaka ufundishwe mbele ya injini, nayo ni kurekebisha tapeti, yaani ile nafasi ndogo inayoachwa ili valvu, vile vilango vya kuingiza hewa na petroli na kutoa moshi, zifunge kabisa. Kwa injini hizi nafasi hiyo huwa karibu milimita 0.05 hadi 0.10, na hupimwa kwa geji ya bati nyembamba, injini ikiwa imepoa kabisa na pistoni ikiwa juu katika mpigo wa kugandamiza. Nafasi ikizidi, injini hugonga kwa sauti ya tiki-tiki, jambo linalowakera wenye pikipiki, nao huenda kwa fundi wakimwomba aizime. Fundi asiye na geji hukaza mpaka sauti inyamaze, na mteja huondoka ameridhika. Kumbe valvu iliyokazwa kupita kiasi haifungi sawasawa. Ile ya moshi, ambayo hupoza joto lake kwa kugusana na kiti chake kila inapofunga, hubaki wazi kidogo, huungua, na baada ya muda pikipiki inakataa kuwaka asubuhi za baridi kali kama za kwenu mwezi wa sita na wa saba, halafu inapoteza nguvu mlimani. Sauti ndogo ya tapeti ni afadhali mara nyingi kuliko ukimya huo. Kwa kazi hii nenda kwa wakala, au kwa fundi yeyote atakayekuonyesha geji yake kabla hajashika spana.

Hata watengenezaji wanajua kwamba kazi hii husahaulika. Honda walipotoa CG125 mwaka 1976 waliipa injini inayosukuma valvu kwa fito badala ya cheni ya ndani, kwa sababu waliona wateja katika nchi nyingi hawafanyi matengenezo kwa wakati. Injini nyingi za Kichina zinazouzwa kwetu zimefuata muundo huo. Unavumilia sana, lakini nao una tapeti zinazohitaji kupimwa.

Kabureta, yaani kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, pia mwachie anayeijua, isipokuwa ile skrubu ya mwendo wa kusimama. Uwanda wa Kitulo uko karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini karibu mita 1,700, na Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, karibu mita 500. Hewa hupungua uzito kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, hivyo kabureta iliyopangwa kwa ajili ya Dar es Salaam hutoa petroli nyingi mno huku juu. Plagi huwa nyeusi ya masizi na injini hukosa nguvu, na mtu asiyejua sababu huanza kununua plagi kila mwezi. Fundi mzuri atabadilisha jeti, yaani kitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta. Kama pikipiki yako haina kabureta bali inaingiza petroli kwa mfumo wa kielektroniki, basi hitilafu za mfumo huo mpelekee wakala mwenye kifaa cha kuzisoma.

Kwa vifaa, anza na spana za namba 8 hadi 19, ya plagi, bisibisi mbili, koleo, brashi ya waya na kipimo cha upepo. Ukipata likizo, ulizia kozi fupi katika vyuo vya VETA vya Mbeya au Iringa. Kwa mtu wa mbali kama wewe ujuzi huo utajilipa.

SWALI: Ninaendesha bodaboda ya mkataba Uyole. Bosi anataka niipeleke kwa wakala mjini kila kilomita 2,000, na siku hiyo hesabu, yaani fedha ninayompelekea kila siku, haipungui. Fundi wa karibu na kijiwe chetu humaliza servisi yote kwa nusu saa. Kuna ubaya gani nikimtumia huyo? Dereva, Uyole.

JIBU: Kijana wangu, bodaboda inayokwenda kilomita 100 kwa siku hufikisha kilomita 2,000 kwa siku ishirini tu, kwa hiyo ninaelewa uchungu wako wa kupoteza siku nzima kila mara. Hata hivyo pikipiki bado ni ya bosi, na ikiwa ina dhamana, dhamana hiyo ni yake. Zungumza naye kwa heshima mkubaliane kwa maandishi, katika mkataba wenyewe, nani ananunua mafuta, nani analipa ufundi, na hesabu ya siku ya servisi inapungua kiasi gani. Mpendekezee kwamba mafuta, cheni na breki vifanywe hapo Uyole, na servisi ya wakala ibaki kwa zile zilizoandikwa kitabuni.

Kuhusu hiyo nusu saa, inatosha kwa mafuta na cheni, lakini tapeti haziwezi kuwa zimepimwa, kwa kuwa injini iliyotoka kubeba abiria inahitaji saa kadhaa ipoe. Iache kwake jioni, aipime asubuhi kabla hujaiwasha. Spea nunua mwenyewe, iwe Sido Mwanjelwa au kwingine, kwa muuzaji anayetoa risiti, ukague kifungashio na utake kukabidhiwa kifaa cha zamani kilichotolewa. Na kwa kuwa mkataba ukiisha pikipiki hiyo itakuwa yako, injini unayoitunza leo utaikuta mwenyewe. Breki usizisubirishe servisi yoyote: kabla ya kushuka mteremko kama wa Iwambi zijaribu kwanza, kisha shuka na gia ndogo ili injini isaidie kuzuia.

SWALI: Ninabeba mbao Mafinga. Je, mafuta ya injini ya gari yanafaa kwa pikipiki? Ni ya bei nafuu. Msomaji, Mufindi.

JIBU: Hayafai kwa pikipiki yako. Kwenye gari, klachi kwa kawaida hukaa nje ya mafuta ya injini, ilhali kwenye pikipiki nyingi za kazi klachi na gia vinaogelea katika mafuta hayohayo. Mafuta mengi ya gari, hasa mepesi yanayotangazwa kuokoa petroli, yana viungo vya kupunguza msuguano, na klachi hufanya kazi kwa msuguano. Ukiwa na mzigo wa mbao mlimani utasikia injini ikipanda mlio bila mwendo kuongezeka. Hapo sahani za klachi zinaungua. Tafuta kopo lenye alama ya JASO MA au MA2, ambayo ni vipimo vya Japani kwa mafuta ya pikipiki, na unene ulioandikwa katika kitabu chako, ambao mara nyingi ni 20W-50. Kama tayari umeweka ya gari na klachi imeanza kuteleza, yamwage leo, jaza sahihi, na uendeshe kilomita chache bila mzigo. Ikiendelea kuteleza, sahani zitahitaji kubadilishwa.